Chai Iliyopoa kwa Mzee Kolin

Shoga zangu wa Ibra, kila Jumatano sokoni mnanishika mkono na kuniuliza, "Enhe, vipi huko? Mmepewa?" Mimi humjibu kila mmoja kipande, na kipande kikifika kwa jirani kinakuwa kimeshaota pembe. Juzi nimesikia kwamba kaka yangu Humud alipigana na padri. Hakupigana na mtu yeyote. Basi nimekaa nikaandika yote, myasome mkiwa mmetulia, na atakayenicheka anicheke mara moja yaishe. Mambo ya tikiti na viza siyatii humu, yanachosha hata kuyakumbuka.

Kwa asiyejua mwanzo wake: mwanangu Harith ni daktari katika mji wa Galway, huko Ayalandi, alikobaki baada ya masomo. Akampenda msichana anayeitwa Nora, mwalimu katika kijiji kidogo cha pwani ambako watu wao kwa wao hawasemi Kiingereza, wanasema lugha yao ya tangu zamani, Kiayalandi. Baba yake Harith ameshatangulia mbele ya haki, na ami zake wote pia, kwa hiyo wa kwenda kuposa alibaki Kaka Humud. Naye alitoa sharti lake bila kuficha: akipewa binti na wazee wake, kwa midomo yao, ndani ya nyumba yao, atasimama harusini mbele ya watu. Asipopewa hivyo, Harith asimwite tena mjomba. Na Humud akishasema neno, mnamjua.

Mimi nilitaka mawili. Nilitaka mwanangu asitengwe na jamaa zake, na nilitaka arudi nyumbani Omani. Alikuwa ameniahidi kwamba wakishaoana watakuja kukaa Ibra, na Nora alikuwa amekubali kumfuata. Nilishamaliza vyumba vya ghorofani na kuvipaka rangi. Kilichobaki ni ndiyo ya baba wa msichana.

Ibra mpaka Nizwa

Niliondoka alfajiri ili nilikwepe joto, na joto likanikuta njiani vilevile. Kaka Humud anakaa Nizwa, na hapo ndipo tulipokwama kwanza, kwa ajili ya halwa. Mimi nilisema tununue mikebe miwili dukani twende zetu. Akaniangalia kama niliyemtukana.

"Mtu aende kuposa na halwa ya jana?" akasema. "Wallahi hilo silifanyi. Ipikwe mbele yangu."

Basi tukakaa nyuma ya soko, katika jiko la mpishi wa halwa, asubuhi nzima. Mpishi akikoroga sufuria lake kubwa la shaba, Humud kakaa kwenye kiti pembeni anamhimiza azidishe zafarani, na mimi natokwa jasho mpaka kwenye soksi. Nilikuwa na hasira, lakini ile harufu ya hiliki na marashi ilipoanza kupanda nilinyamaza. Hakuna awezaye kugombana ndani ya harufu ile.

Chakula cha mchana tulikula Manah, kwa binti yangu Asila. Wajukuu wangu wale mnawajua: niliwaambia kwa Kiswahili waje wanipe mkono, wakaja mbio, wakanijibu kwa Kiarabu. Asila alinifungia mkate wa kumimina wa njiani na kuniuliza kama kweli Harith atarudi. Nikamwambia ninakwenda kumleta.

Muscat mpaka Dublin

Ndege ya kwanza ilitufikisha tulikotakiwa kuunganisha, na ya pili ikachelewa, wala hakuna aliyetwambia kwa nini. Watu walilala kwenye viti na viatu vyao chini. Humud hakulala, maana ndoo ya halwa ilikuwa kwenye mizigo ambako haioni. Kila mfanyakazi aliyepita alimsimamisha kumuulizia khabari za ndoo yake, kwa Kiarabu, na kila mmoja alimwonyesha choo.

Dublin afisa wa forodha alitufungulia sanduku. Akafunua ndoo, akainama, akanusa. Akamwita mwenziwe, naye akanusa. Wakanitazama mimi. Kwa Kiingereza changu cha shuleni nikawaambia ni tamtamu tunayompelekea baba wa mchumba. Nyuso zao zikabadilika palepale, wakaifunga ndoo taratibu na kututakia kheri.

Nje Humud alikuwa amekunja uso. "Wamefungua, wamenusa, wasionje! Watu gani hawa?"

Nikamwambia ndiyo sheria ya kazi yao. Akasema sheria hiyo haina adabu.

Dublin mpaka Galway

Harith alikuwa zamu hospitalini, kwa hiyo tulipanda basi wenyewe. Shoga zangu, sijui niwaelezeje ule ukijani. Sisi tuna Jabal Akhdar, mlima wa kijani tunauita, na tunawapeleka wageni wakautazame. Ndani ya basi lile nilituonea haya. Majani kila mahali, mpaka kingo za barabara, mpaka juu ya kuta za magofu. Ng'ombe wamesimama yakiwafika tumboni, wala hawaonyeshi kushangaa. Mvua ilinyesha, ikaacha, ikanyesha tena, na hakuna aliyetoka mlangoni kuitazama. Kwetu ingenyesha hivyo, watu wangekuwa wameshafika wadini, kwenye bonde linaposhuka maji, na masufuria ya wali. Nilibandika uso kwenye kioo kama mtoto na nikawa nasema Subhanallah mpaka Humud akaniambia nipumzishe ulimi.

Yeye alikuwa na shughuli yake. Mzee mmoja wa Kiayalandi alikaa karibu naye na kuanza kuzungumza kabla basi halijaondoka, wala hakukata mpaka mwisho wa safari. Humud hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alimjibu "Naam" na "Inshallah" na "La hawla," kila moja mahali pake, na mzee yule akazidi kukolea. Galway walishikana mikono kwa muda mrefu.

"Mtu mwema sana," Humud akaniambia. "Ana tatizo la mpaka wa shamba na nduguye."

"Umejuaje?"

"Nimeona mikono yake ilivyokuwa ikigawa."

Nilipomwona Harith stesheni, moyo ulinipasuka. Amekonda, na ameanza kuwa na mvi pembeni kama marehemu baba yake. Akatubusu vichwani. "Shikamoo Mama. Shikamoo Mjomba." Humud akamwitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuja kikazi.

Galway mpaka kijijini

Baada ya Galway majani yakaanza kupungua na mawe yakashika nafasi. Mawe ya kijivu, makubwa, yametapakaa mpaka baharini, na kati yake kuta za mawe zisizo na udongo wala saruji, zimezunguka vishamba vidogo ambavyo mbuzi wangu angevimaliza kabla ya adhuhuri. Nilidhani ni mji uliobomoka. Harith akasema la, ni mashamba, na wazee wao waliyaokota mawe yale kwa mikono ili wapate pa kulima. Chini ya mawe walikuta mwamba mtupu. Basi wakapandisha mwani na mchanga kutoka baharini, mgongoni, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukawa udongo.

"Udongo wameutengeneza wenyewe?" nikauliza.

"Ndiyo, Mama."

Nilikuwa nimejiandaa kuwatazama watu hawa kwa jicho la mkwe, na sasa nikawa nawatazama kwa jicho jingine.

Kisha barabara ikapinda na bahari ikatokea. Mimi nimezaliwa kisiwani Unguja na nimekwenda pwani ya Sur na Qalhat mara zisizo na idadi, bahari si ngeni kwangu. Lakini ile haina ng'ambo. Inakuja na mawimbi marefu mazito, bila haraka, inapasuka juu ya mwamba, na ardhi unaisikia miguuni. Nilimwambia Harith asimamishe gari. Tukashuka wote watatu, upepo ukaipokonya shela yangu kichwani, na Humud akasimama ameshika kilemba chake kwa mikono miwili, anasoma Ayatul Kursi.

Kijiji chenyewe ni nyumba nyeupe zilizoachana, kila moja imeipa bahari ubavu. Tulifikia kwa Bi Pegi, dada wa Mzee Kolin, baba yake Nora. Bi Pegi ni mwanamke mfupi mwenye mikono ya kazi, na chai kwake haipoi: ukinyanyua mguu kutoka, anakuitia chai, ukirudi, chai. Chakula chake ni mbatata, samaki vibua waliokaangwa kwa siagi, na mkate wa kahawia mzito unaoshibisha kwa kuutazama tu. Siku moja alitupa kitu cheupe kinachotikisika, akasema ni mwani umechemshwa na maziwa. Humud akakivuta mbali. Mimi nikala. Shoga zangu, ni kizuri, na nimeleta kidogo, atakaye aje.

Huko mwezi wa Mei jua halitaki kuzama. Humud alitoka nje kungojea maghribi, akakaa juu ya ukuta wa mawe. Akangoja. Jirani mmoja akapita, akamwona anatazama jua, akakaa naye. Akaja wa pili na mkewe. Walidhani mgeni wao kavutiwa na machweo, na adabu haikuwaruhusu kumwacha peke yake. Wakakaa foleni nzima, kimya, wanalitazama jua likichungulia mawinguni. Lilipogusa maji, bahari nzima ikawa shaba. Humud aliteremka akatandika mswala palepale penye majani, nao wakavua kofia zao na kusimama mpaka alipotoa salamu. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Nilikuwa dirishani, na machozi yalinitoka, sikuyazuia.

Shuleni na pwani

Nora alinichukua shuleni kwake. Ana macho ya kijani na madoadoa ya jua puani, na hatembei, anakwenda kwa haraka kama aliyeacha chungu motoni. Shule ni chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo. Watoto waliniinukia na kunisalimu kwa lugha yao, kisha mmoja baada ya mwingine akanionyesha alichonacho: jino lililong'oka, daftari, kobe aliyechorwa. Nami nimesomesha maisha yangu yote, darasa nalijua kwa kulinusa. Watoto wale hawakuwa wakimwogopa Nora wala kumchezea. Alipoinama kumfunga mmoja kamba za viatu, alikuwa akimuuliza hesabu, na mtoto anajibu kwa Kiayalandi huku ameshika nywele za mwalimu wake asianguke.

Tulirudi kwa miguu na Bi Pegi, na njiani akawa ananionyesha nyumba. Kiingereza chetu kilikuwa kibovu sawasawa, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nyumba hii, wenyewe wako Boston. Hii, London. Ile yenye mlango wa buluu ni ya watu wa Dublin, wanakuja Agosti. Hapa aliishi fulani, kafa, watoto hawarudi. Nyingi nilizodhani watu wamelala zilikuwa hazina watu. Mwisho wa njia akaionyesha nyumba ya kakake, moshi unatoka.

"Kolin," akasema. "Mke kafa. Nora peke yake."

Nikauliza kama hana mtoto mwingine. Akatikisa kichwa. Neno lile lilikaa nami kama jiwe kiatuni.

Siku ya posa tulikubaliana twende baada ya alasiri. Humud alivaa kanzu nyeupe, kilemba cha rangi ya zambarau na hanjari yake ya fedha kiunoni. Tukaenda na ndoo ya halwa, na Mzee Kolin hayupo.

"Hayupo?" Humud akasema. "Anajua tunakuja kuposa, akatoka? Hilo tusi."

"Mjomba, maji yamemshika," akasema Harith. "Hawezi kuacha kazi bahari ikiwa inajaa."

Humud akakataa kusikia. Mimi nikateremka na Harith mpaka pwani, na nashukuru kwa ucheleweshaji ule. Mzee Kolin alikuwa ndani ya maji yaliyomfika mapajani, amekata mwani kwa mundu tangu maji yalipotoka, akaurundika juu ya mwamba na kuuzungushia kamba, rundo kubwa kupita gari. Sasa bahari ilikuwa inarudi. Maji yaliingia chini ya rundo, yakalizunguka, na kilima kile kizima cha mwani kikanyanyuka chenyewe, kikaelea. Mzee akapanda mashua yake ndogo, akafunga kamba, akakikokota kwa makasia taratibu mpaka gatini. Mwani mimi naujua tangu utotoni. Sikujua unaweza kufanyiwa hivyo na mtu mmoja mwenye umri ule. Alipotuona akavua kofia, maji yanamchuruzika, na akatuomba radhi kwa maneno mengi ambayo sikuyaelewa na kwa uso ambao niliuelewa.

Barazani

Aliporudi amebadilisha nguo na kuchana nywele, tukaingia. Chumba kidogo, motoni yanawaka madonge ya udongo mweusi wanaouchimba na kuukausha, moshi wake mtamu. Ukutani picha ya Bibi Maryam na kitaa chekundu chini yake. Humud akaitazama, akasema, "Amani iwe juu yake," na nikaona bega lake likilegea kidogo.

Lakini shida ikaanza hapohapo. Mzee Kolin Kiingereza anakijua, ila mambo ya nyumba yake huyasema kwa lugha yake. Wa kutafsiri ni Nora, kutoka Kiayalandi kwenda Kiingereza, kisha Harith kwenda Kiswahili. Humud akang'aka.

"Mposwa hakai barazani kuposwa mwenyewe! Haya mambo gani?"

Hakukuwa na mwingine. Mwishowe Nora akaenda kukaa jikoni, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, asikike asionekane. Sauti yake ilitujia kutoka huko kama redio.

Bi Pegi akaleta chai. Humud akapokea kikombe chake, akasema bismillahi, akakiweka mezani mbele yake, akafunga mikono. Nyinyi mnajua maana yake. Katika mabaraza ya Nizwa, mtu mwenye haja kubwa hanywi kahawa ya mwenye nyumba. Anaiacha mbele yake ipoe. Mwenye nyumba akiiona anajua, anauliza, na akisema "Kunywa, haja yako imekubaliwa," ndipo mtu anywe. Na mwenye haja haelezi kikombe. Ni aibu. Mwenye nyumba ndiye anayeuliza.

Mzee Kolin hakuuliza. Kwao mgeni asiyegusa chai amekuja na kinyongo, na kumuuliza ni kumfedhehesha.

Bi Pegi akaona chai haijanywewa, akadhani nyepesi, akaleta nzito. Humud akaiweka kando ya ile ya kwanza. Akaleta yenye maziwa. Akaleta kahawa. Nyumbani kwake Bi Pegi, Humud alikuwa akinywa vikombe vitatu bila kupumua, na sasa mama wa watu alikaribia kulia. Akatoka nje, na mara jirani mmoja akaingia na keki. Mwingine akaja na kaa waliochemshwa. Mwingine na mtungi wa maziwa. Kijiji kizima kilipata habari kwamba Mwarabu hali kwa Kolin, na kila mtu akaja kujaribu bahati yake, akaweka chombo mezani, akatoka kwa ncha za vidole. Meza ikajaa. Humud amenyooka katikati yake, hagusi kitu, na Mzee Kolin uso unazidi kuwa mweusi.

"Mjomba, niwaeleze," Harith akanong'ona.

"Nyamaza. Ataniuliza."

Mimi nilikuwa nimekaa kando na Bi Pegi, aliyekuwa amesharudi. Niliona posa inakufa mbele yangu kwa ajili ya adabu, pande zote mbili.

Aliyetuokoa ni ile redio ya jikoni. Nora alikuwa haoni meza. Alimsikia shangazi yake akilalamika kwa Kiayalandi, akauliza kwa Kiingereza kutoka nyuma ya mlango, "Kwani Mjomba hanywi?" Harith akamweleza kwa haraka kabla Humud hajamzuia, naye akamweleza baba yake.

Mzee Kolin akavitazama vile vikombe muda mrefu, kimoja kimoja. Hakucheka. Akamtazama Humud kwa namna nyingine kabisa, kisha akauliza jambo fupi. Nora hakutafsiri. Haikuhitajika, maana mzee aliashiria chini, sakafu ya nyumba ile, kisha akaashiria dirishani, mbali. Alikuwa anauliza watakaa wapi.

Humud akajibu tulivyokubaliana. "Kwetu, Ibra. Nyumba iko tayari. Binti yako atakuwa binti yetu, hatapungukiwa na kitu, inshallah."

Harith akasema kwa Kiingereza, ameinamisha kichwa. Sauti ya Nora ikapeleka maneno yale kwa baba yake polepole, nyembamba.

Mzee akaipangusa mikono yake kwenye magoti, mikono ile iliyokata mwani, kisha akasema, na Nora akatafsiri akikatika katikati:

"Baba anasema, mimi si wa kutolewa, nimeshajichagulia. Lakini kama mnataka aseme yeye, anasema ndiyo. Anasema niende kwa amani, na nisitazame nyuma kwa ajili yake. Anasema kunywa chai yako."

Humud akavuta pumzi. "Alhamdulillah," akasema, na akanyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Kaka, usinywe," nikasema.

Mkono ukasimama hewani. Mnajua kwamba mwanamke hasemi katika kikao kile. Mimi mwenyewe sikujua kwamba nitasema.

"Hatujamaliza," nikasema. "Watoto wakae hapa."

"Umepatwa na nini wewe? Umekuja kuposa ama kuozesha?"

"Ulitaka upewe kwa mdomo wa baba yake, nyumbani kwake. Umepewa. Sharti lako limekwisha, na harusini utasimama. Hili sasa ni langu. Mimi nina Asila, nikimkumbuka namfuata Manah kwa gari. Yule hana mwingine. Harith, mwambie."

Harith akajaribu, na Kiingereza kikamtoka vipandevipande. Mlango wa jikoni ukafunguka na Nora akatoka, mposwa mzima mzima barazani, uso umelowa, akapiga magoti mbele ya baba yake na kumwambia kwa lugha yao.

Mzee Kolin akainuka, akatoka nje.

"Amekasirika?" Humud akauliza.

Bi Pegi alikuwa anajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Mzee akarudi amekumbata madonge ya kuni zao zile, akayapanga motoni ingawa moto ulikuwa umejaa. Kisha akakichukua kikombe cha kwanza cha Humud, akaimwaga chai ile baridi kwenye majivu, akamimina mpya kwa mkono wake, na akapita mbele ya Humud akaniletea mimi.

Nilikunywa. Ilikuwa chungu, kali, haina sukari, nami niliimaliza. Baadaye Humud alikunywa vinne na kula kaa wa watu mpaka akafungua mkanda wa hanjari, na ile halwa ikagawiwa kijiji kizima kwa vijiko.

Kurudi

Mengine mnayajua. Harusi mbili, moja kule na moja hapa Ibra baada ya Idd, na Humud atasimama zote mbili, ingawa hajaacha kuninunia.

Harith alitupeleka mpaka Dublin mwenyewe. Humud alipokwenda kuulizia mizigo, mwanangu akanishika mabega, mtu mzima na mvi zake, akalia kama nilivyomwacha siku ya kwanza ya shule.

"Mama, vyumba umejenga. Umeningoja miaka yote hii. Kwa nini?"

"Kwa sababu yule mzee alikubali kubaki peke yake," nikamwambia. "Angelikataa, mwanangu, ningelikuchukua."